Zamda, Mshenga wa Seva

Jana usiku niliota nachuja chai, kama ninavyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, mara chujio likajifunga na kuniuliza, "Dada, hii chai umeiomba kwa nani?"

Nikalijibu kwamba ni chai yangu. Likasema sasa mimi ni programu ya simu, na programu ya simu haijichukulii kitu. Inaomba.

Kweli, nilikuwa nimekaa ndani ya kioo cha simu, nimevaa vitufe viwili. Sikushangaa. Darasani tumefundishwa hivyo: programu haiigusi hifadhidata, lile ghala la taarifa lililo mbali. Inapeleka ombi kwa huduma ya wavuti, huduma inakwenda kuuliza, inarudi na jibu. Katika mradi wetu wa darasa, wa watu watatu, programu naandika mimi, hifadhidata anaitunza Mfaume, na huduma ya katikati ni ya Zamda. Kwa hiyo anayekaa na Mfaume kutwa nzima ni Zamda. Anayecheka naye ni Zamda. Mimi hupokea majibu.

Jiko likawa ukumbi wa chuo. Zamda yuko dirishani, amejitanda kanga kama mshenga aliyeleta posa. Ananiuliza jina na namba ya usajili. Ninampa. Kisha, kwa sauti ndogo, namwomba amfikishie Mfaume kwamba nampenda.

"Shoga, sehemu hiyo sina," anasema. "Nina jina, namba na tarehe. Mapenzi yakija nayadondosha."

Akayadondosha. Mfagizi akayazoa.

Zamda akaingia ndani. Nikasikia vicheko, vyake na vya Mfaume, virefu kuliko ombi lenyewe. Aliporudi alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Ombi limefanikiwa," akasema. "Hakuna kilichopatikana."

Wivu ukanipanda mpaka vitufe vikawaka. Nikafanya lile ambalo mwalimu hulikataza kila kipindi: nikajiandika mwilini nywila, neno la siri la hifadhidata, ili niende moja kwa moja. Niliiandika kwenye paji la uso, ndipo palipokuwa na nafasi. Korido nzima ikaisoma. Mbuzi mmoja akaniuliza kama herufi ya kwanza ni kubwa. Nikamwambia ni kubwa. Akashukuru, akanifuata.

Mlango ukafunguka. Mfaume amesimama katikati ya droo zilizopanda hadi darini. Mbuzi anapita, anafungua ya kwanza, anaanza kula majina ya watu. Mfaume hamtazami. Ananitazama mimi.

"Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi sema, muunganisho haudumu."

Nikabonyeza kitufe cha kwanza, nikabonyeza cha pili. Alipoona nahangaika akavuta droo, akatoa kashata ya nazi, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole. Nikavuta pumzi. Droo zote zikasema kwa pamoja, "Muda umekwisha."

Nikaamka. Kumekucha. Kiganja kilikuwa kinanata, na ndani yake mlikuwa na chembe za nazi, za rangi ya waridi. Chumbani kwetu hakuna aliyenunua kashata.

Nikampigia Mfaume kabla sijaogopa. Akapokea na usingizi wake, akauliza kama seva imeanguka, na kama imeanguka basi nimwambie Zamda, naye atamfikishia yeye.

"Seva ni nzima," nikasema. "Zamda mwache kwanza. Nakupenda, Mfaume, na nina wivu."