Muganga Asiye na Kituo

Jeska alichoshwa na kazi kabla hajaipata. Tangu amalize shule ya uuguzi pale Gitega, alikuwa amepiga hodi kwenye kila kituo cha afya alichoweza kukifikia, na kila mahali walimpokea kwa upole ule ule unaochosha kuliko matusi. "Acha dosie yako, tutakuita." Wengine waliuliza amewahi kufanya kazi wapi, naye akajibu kwamba kazi ndiyo kwanza anaitafuta. Huko Gitega alilala kwa Mama Hidaya, mshonaji wa mtaa wa Waswahili, ambaye binti yake alisoma darasa moja na Jeska. Mama Hidaya hakumnung'unikia hata siku moja. Lakini mgeni hujua mwenyewe siku yake ya kuondoka. Asubuhi moja Jeska alikunja shuka zake, akaaga, akaenda kusubiri gari la Muyinga.

Mafuta yalikuwa adimu. Abiria walisubiri mpaka wakaacha kuulizana. Gari lilipopatikana, Jeska alisinzia kichwa kikigonga kioo, na alipofumbua macho walikuwa wameshaipita Karuzi, hana kumbukumbu ya njia.

Kwao ni Giteranyi, mkoani Muyinga. Baba yake, Fabiano, na mama yake, Kasilda, walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wakaoana huko huko, kisha wakarudi Burundi na watoto wadogo na Kiswahili kilichonyooka, wakakuta shamba la ukoo limegeuka msitu. Walilifyeka kwa mikono yao. Kwenye mihogo na maharage ya shamba hilo ndiko karo ya Jeska ilikotoka. Kwa hiyo Fabiano alipomwona binti yake anashuka kwenye baisikeli ya kukodi na mfuko wake, hakukubali kusema kwamba amekosa kazi. Aliwatangazia majirani, "Muganga wetu amekuja."

Taabu ikaanzia hapo. Watu walikuja kabla jua halijapanda. Walileta watoto wenye kikohozi, bibi wenye magoti, mimba zisizo na maelezo. Jeska hakuwa na dawa, hakuwa na kipimo, wala ruhusa ya kumtibu mtu uani kwa baba yake. Aliwasikiliza, aliwapa ushauri, akawaelekeza kituo cha afya. Walikuwa wanakijua kituo cha afya. Walichotaka ni yeye.

Mzee Nazario, jirani wa karibu, alikuja na kidonda mguuni na kichupa cha dawa alichonunuliwa ng'ambo ya mpaka. "Nichome sindano tu, mwanangu," alisema.

Jeska alikisoma kile kichupa. Kilikuwa kimepita muda wake. Aliuosha mguu kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, akaufunga kwa kitambaa safi, akasema sindano hatamchoma.

Nazario aliinuka bila kuaga. Fabiano aliyaona hayo akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Tulikusomesha uje uwakatalie watu, Jeska?"

"Baba, dawa ile imeharibika."

"Sawa. Lakini usiwe na haraka ya kusema hapana. Subira yavuta heri."

"Mimi imenivuta miguu tu, baba," Jeska alisema, akaingia ndani kulala, ingawa ilikuwa mchana.

Ndivyo ilivyokuwa hadi Ilyasi, aliyesikia habari zake, alipompelekea Jeska salamu. Ilyasi alikuwa mfanyabiashara wa Kobero, mwenye duka la dawa karibu na pale malori yanapopanga foleni ya forodha. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa soda.

"Bon, mi niko na duka, niko na dawa," alimwambia walipoonana. "Lakini makaratasi ya ndani ya boksi, mi sijui kuyasoma. We utasoma, utauza. Kazi iko."

Haikuwa kazi aliyoiapia. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu wa kungoja. Alikubali.

Akawa anauza vidonge vya kichwa kwa madereva waliokesha mpakani, na dawa ya maumivu ya mgongo kwa wabeba mizigo. Wabadili fedha walimwita "dokta" kwa utani. Wengi walitaka vidonge viwili vitatu vya dawa ambayo dozi yake ni ya wiki nzima. Jeska alieleza, wao wakacheka, Ilyasi naye akamkonyeza auze. Aliuza. Kila jioni alirudi chumba alichopanga na ulimi mzito, hana hamu ya kuzungumza na mtu.

Siku moja, soko likiwa limechangamka, aliingia Riziki, mwanamke aliyekuwa akibeba mizigo kati ya Kobero na Kabanga, upande wa Tanzania. Jeska alimfahamu kwa sura. Mgongoni alikuwa na mwanawe Bahati, aliyekuwa bado ananyonya.

"Ana homa tangu juzi. Asubuhi alikakamaa, macho yakageuka. Saa hii ametulia."

Jeska alimfungua mtoto. Hakuwa ametulia, alikuwa hana nguvu ya kulia. Viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi. Alipomgusisha titi la mama yake, mdomo haukushika.

"Piga ye sindano ya malaria, aende," Ilyasi alisema kutoka kwenye kaunta.

"Sindano peke yake haitamtosha. Huyu ameishiwa damu. Anatakiwa hospitali, sasa hivi."

"Jeska, mama amekuja na pesa yake mkononi. Ukimfukuza, kesho watasema kwa Ilyasi dawa hakuna. Piga."

Jeska aliitazama sindano kwenye boksi lake. Angeweza kumchoma. Mama angeshukuru, Ilyasi angenyamaza, na yeye angekaa kwenye stuli yake. Kwa muda mfupi alitamani hivyo kwa moyo wote, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Kisha akavua koti lake jeupe la kazi, akamfunika nalo mtoto, akamshika Riziki mkono.

"Twende, dada."

Nje pikipiki zilikuwa zimelala, hazina mafuta. Jeska alikimbia kando ya foleni ya malori akigonga milango. Madereva wengine walitikisa vichwa, hawajamaliza ushuru. Mmoja, Mtanzania aitwaye Elikana, alikuwa ndiyo kwanza anawasha injini, amebeba chumvi.

"Muyinga mjini? Pandeni," alisema, bila kuuliza zaidi.

Njia nzima Jeska alimpakata mtoto kwa ubavu ili asipaliwe, vidole vikiwa kifuani pake. Riziki alisali kwa sauti ya chini. Elikana alipiga honi kwa kila baisikeli yenye mkungu wa ndizi. Hospitalini walipokelewa haraka, mtoto akatundikiwa dawa, kisha damu. Muuguzi wa zamu alimuuliza Jeska, "We ni nani wa huyu mtoto?" Jeska akajibu kwamba amemsindikiza tu.

Jioni Bahati alilia. Kilikuwa kilio kidogo, cha hasira, na Riziki alikaa sakafuni akaanza kulia naye. Jeska aliegemea ukuta. Alitegemea atafurahi. Alichosikia ni usingizi tu.

Alfajiri alirudi Kobero. Ilyasi alikuwa amekaa kwenye ile stuli.

"Mutoto?"

"Anaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi." Alikuna ndevu. "Mi sikuchukii, Jeska. Lakini hapa kwangu watu wanakuja kununua, hawakuji kuambiwa waende pengine. Tafuta kazi yako ya kweli." Alimpa soda. Jeska aliinywa, maana alikuwa na kiu.

Nyumbani alimweleza baba yake mambo yote, bila kupamba. Alijiandaa kusikia habari ya subira. Fabiano akasema, "Kesho usije shambani. Lala."

Alilala siku nzima. Kabla wiki haijaisha simu ililia. Ilikuwa ni kutoka Gitega, kituo kimoja cha afya cha masista upande wa Bugendana, si mbali na Mutoyi. Muuguzi wao alikuwa amejifungua mapema, na aliyechaguliwa kumshikia nafasi alikataa kwenda kukaa kilimani. Dosie ya Jeska ndiyo iliyofuata. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda, mpaka mwenye nafasi arudi.

Alipofika, sista mkuu alimuuliza amewahi kufanya kazi wapi.

"Dukani, Kobero. Nilifukuzwa."

"Kwa nini?"

Jeska alimweleza. Hakuwa na nguvu ya kutunga jingine. Sista hakumsifu wala hakumlaumu. Alimuuliza kama ana koti, na kama anaweza kuanza mara moja, maana ilikuwa siku ya chanjo.

Akaanza. Akina mama walijaa hadi kwenye nyasi. Walicheka Kirundi chake chenye lafudhi ya kambini, lakini walimpa mapaja ya watoto wao. Alichoma, akaandika, akachoma. Mchana alikula maharage akiwa amesimama. Mtoto wa mwisho alipoondoka bado kulikuwa na vyombo vya kuchemsha na sakafu ya kupiga deki.

Jua likizama aliketi kitandani katika chumba cha wauguzi, viatu miguuni, akampigia baba yake.

"Enhe, muganga! Kazi inakwendaje?"

"Baba, leo walikuja wengi..." alianza, na sentensi ikaishia hapo.

Kasilda alimsimulia Jeska siku nyingine yaliyofuata. Fabiano aliita mara mbili, kisha akaisikia pumzi ya binti yake, nzito, ya mtu aliyezama usingizini. Kasilda alimwambia akate simu, asimmalizie mtoto vocha. Fabiano alimwashiria anyamaze. Alibaki pale mlangoni, simu sikioni, akisikiliza mpaka ilipokatika yenyewe.