Mstari wa Saba wa Kofia

Kata iligonga mdomo wa mtungi, ko, ko, na Mwanasaumu akajua kuwa alfajiri imekaribia na maji yake ya udhu yamewekwa upande wa kulia. Waridi, mke wa mwanawe, hakuwa na haja ya kugonga. Aligonga makusudi kila siku tangu mkwewe alipopofuka, ili mama wa watu asipapase ukuta. Na hakulisema jambo hilo hata siku moja.

"Umelala, mama?"

"Nilale wapi? Leo naenda kusemwa mbele ya Wazungu."

"Unakwenda kusema, si kusemwa."

"Inshallah. Tutaona."

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na moja. Serikali ilikuwa na bodi ya watu wa macho, na bodi hiyo ilikuwa na daftari lake: nani anaruhusiwa kupima macho, nani kutengeneza miwani, nani kutia dawa. Jamaludin, mwenye duka karibu na kivuko cha Likoni, jina lake lilikuwamo daftarini kwa miwani tu. Dawa hakuruhusiwa kuigusa.

Mwanasaumu hakuyajua hayo. Yeye alikuwa mshona kofia. Alitoboa kitambaa cheupe vitobo vidogo kama mbegu za ufuta, akavizungushia uzi kimoja kimoja, mpaka nyota zikatokea. Sindano ilipoanza kuukataa uzi, alikwenda kwa Jamaludin kutaka miwani. Jamaludin akamwambia miwani baadaye, kwanza macho yasafishwe. Akamtia dawa ya buluu, rangi ya mrututu, iliyochoma kama pilipili, mara moja kila wiki. Malipo aliyotaka ni kofia, tena ya nyota, ya mistari saba. Mwanasaumu akaishona huku anatiwa dawa. Alipoikamilisha, taa ya chumbani kwake ilikuwa imezimika, na Waridi akaapa kuwa inawaka.

Siku ya mwisho aliyokwenda dukani, kuipeleka kofia, alisikia mtoto mchanga akitiwa dawa ileile. Kilio chake kilimfuata hadi nyumbani. Kwa hiyo karani wa bodi, kijana wa Kigiriama aitwaye Thoya, alipokuja Likoni kukagua vibao vya maduka, Mwanasaumu alimwita barazani akamweleza yote. Alitaka jambo moja tu: jina la mtu yule lifutwe, asimtie mwingine.

Asubuhi ile walivuka, yeye na Waridi, wakapanda ngazi za ofisi ya bodi mjini. Thoya ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alimwongoza mpaka kitini, akauweka mkono wake juu ya mgongo wa kiti kwanza, ndipo akamwambia akae.

"Mwenyekiti anauliza," alisema Thoya, "aliyekutia dawa yumo humu chumbani?"

"Yumo. Namsikia anavyokohoa."

Jamaludin akacheka. "Mombasa nzima wanakohoa, bwana!"

"Mwenyekiti anauliza tena. Ulipokuwa unaona, uliuona uso wake?"

Neno moja la uongo lingetosha. Waridi alimbana mkono, kama kumwambia, sema ndiyo.

"La," akasema. "Sikumtazama. Mimi nimefunzwa kutomkodolea macho mwanamume asiye wangu. Alipokuwa akinitia dawa nilitazama boriti. Ziko tisa."

Thoya alitafsiri polepole. Kalamu ya mwenyekiti ikakwaruza karatasi.

"Mmesikia wenyewe," Jamaludin akasema. "Alikuwa na macho hakuniona, ndiyo aje kuniona leo? Huyu ametiwa madawa na waganga wao huko mashambani, sasa anatafuta wa kumbebesha. Wallahi bibi huyu simjui. Hajakanyaga dukani kwangu."

Waridi akainama sikioni mwa mkwewe. "Mama. Ameivaa."

"Ameivaa nini?"

"Ile ya nyota. Kofia yako."

Jamaludin aliivaa kwa kuwa hakuwa na nyingine nzuri kama ile, na mtu akiitwa na serikali huvaa kilicho kizuri. Hakupitiwa na wazo kwamba kofia inaweza kusema.

"Bwana mkubwa," akasema Mwanasaumu, "naomba huyu avuliwe kofia."

"Nivuliwe kofia mbele ya wanawake?" Jamaludin akafoka. "Kofia hii nimeinunua mjini, kwa mtu nisiyemjua!"

"Kama ni ya mjini, nami sitaijua. Msinipe mkononi. Ishikeni wenyewe."

Mwenyekiti akaamuru. Kofia ikawekwa mezani.

"Mistari ni saba," Mwanasaumu akaanza. "Minne ya kwanza imenyooka. Wa tano unaanza kupanda, maana nilikuwa nimeshatiwa dawa mara tatu. Wa sita kuna nyota yenye ncha tano, nyingine zina sita. Wa saba nilishona kwa vidole. Mle hamna nyota, mna matobo tu. Na kwa ndani, chini ya mshono, pana doa la damu. Nilijidunga siku niliyouliza nani kazima taa."

Mwenyekiti alichukua kioo cha kukuzia. Akahesabu mistari, akaikuta nyota ya ncha tano, akalikuta na doa. Kile kikohozi kilikoma.

Kisha mwenyekiti, naye ni daktari wa macho, alinyanyuka, akanawa mikono, akamwomba Mwanasaumu ruhusa ya kuyatazama macho yake. Mikono ilikuwa na joto, haikumharakisha. Alisema maneno mengi kwa Kiingereza.

"Daktari anasikitika, mama," Thoya akasema.

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Ndiyo, mama. Amesema ungeletwa mapema, mwezi ule wa kwanza, macho yangepona."

Jamaludin akarudishiwa kofia, kwa kuwa ni mali yake. Mlangoni aliwangoja, akaitupa miguuni pa Mwanasaumu.

"Chukua takataka yako. Nilijua ni mbovu, niliipokea kwa kukuonea huruma. Mshona kofia gani wewe?"

Waridi alitaka kumrukia. Mwanasaumu akamshika buibui. Aliyeinama kuiokota alikuwa Thoya.

Kibao cha duka kikashushwa wiki ileile. Mwanasaumu alidhani majirani watafurahi. Kisimani, Waridi akiteka maji na yeye ameketi kando, Mahfoudha, jirani wa nyumba ya tatu, alisema kwa sauti ya kusikiwa, "Tumshukuru nani kama si mshona kofia? Sasa miwani mpaka tupande kivuko. Kapofuka yeye, anataka tupofuke sote." Wengine wakacheka. Na ndoo ya Waridi ikasogezwa nyuma ya zote.

Mwezi ulipokwisha, Thoya alifika na barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Isome."

"Jina lake limefutwa katika daftari kwa muda wa miaka miwili. Baada ya hapo anaweza kuomba tena."

Mwanasaumu aliviringisha pindo la leso yake kidoleni.

"Na mimi, baada ya miaka miwili, naweza kuomba tena?"

Thoya aliikunja barua. Alitoa kitu mfukoni, akakiweka mapajani mwa Mwanasaumu. Ilikuwa kofia ileile, imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi.

"Umeifua mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Doa limegoma."

Vidole vya Mwanasaumu vilizunguka kofia mpaka vikafika mstari wa saba, vikasimama. Akamwita Waridi amtungie uzi sindanoni.

"Lete kichwa chako hapa nikipime," akamwambia Thoya.

"Mimi si Mwislamu, mama."

"Dini sijakuuliza. Kichwa unacho?"

Thoya akacheka, akainama. Mwanasaumu akamzungushia uzi kichwani, akaukata kwa meno. Kisha akaanza kuufumua mstari wa saba, tobo kwa tobo.

"Njoo Ijumaa," akasema.

"Itakuwa tayari?"

"Haitakuwa. Njoo hivyo hivyo, uniambie kama mstari umenyooka. Nikimuuliza Waridi ataniambia umenyooka hata ukipinda, ndivyo alivyo." Akasikiliza kama kijana amekwisha nyanyuka. "Utakuja, mwanangu?"