Swali la Mkanda wa Clem

...na maji haya yana joto, nimeishika glasi kwa mikono miwili mbele ya watu wote, "Nauliza tena, Bi. Hanrahan," anasema Pascoe, wakili wa kampuni, kwa upole wa uongo, "mumeo angepewa mkanda wa usalama wa kupandia juu siku ile, angeuvaa?" ndiyo, sema ndiyo, neno moja tu, kama angeuvaa basi wao ndio waliomuua, kama asingeuvaa basi angeanguka vilevile kutoka juu ya ghala la ngano na kesi imekwisha, sema ndiyo... lakini nimeapa, na Clem namjua, nilimnunulia helmeti ya pikipiki ya shamba akaitundika bandani, kuku wakataga ndani, "Angalau kuna anayeitumia," akasema, "mke wangu, siku nikitaka kofia nitavaa sufuria," nikacheka, Mungu nisamehe, nikayaokota mayai nikamkaangia, "Usiwe na haraka, mama," anasema jaji, nami nina hasira, mkanda hawakununua hata mmoja, leo wanajitetea kwa ubishi wa marehemu, wamemjulia wapi, hata jina lake walilikosea kwenye barua ya rambirambi... lakini kule Broken Hill, mbona kule Broken Hill alivaa, miaka minne mgodini, helmeti, buti, mkanda, kila asubuhi bila kunung'unika, mume wangu yuleyule, kwa nini, kwa sababu ya Dulcie, mkaguzi wa pale getini, mfupi, sigara sikioni, "Clem, vaa au geuza gari, sibembelezi mtu," naye anavaa huku anacheka, na huku kwenye ghala nani alimwambia, hakuna, walimwonyesha ngazi tu... "Bi. Hanrahan? Angeuvaa?" sijui, bwana Pascoe, nitasema sijui, nitawaambia na habari ya kuku kabla hujaniuliza, halafu nitawaambia ya Dulcie, kwamba angetokea mtu wa kumwambia vaa au geuza gari angeuvaa, au angesusa, ndiyo, Clem wa kususa, angegeuza gari, angeingia jikoni saa tatu asubuhi amenuna, buti zimejaa vumbi, angesema kazi yenyewe basi, nami ningemfokea, mtu mzima huna akili, tutakula nini, ningemfokea mpaka jioni, naye yupo, amekaa hapo mezani, anavua buti.