Jina la Paker

Karatasi ilikuwa na mistari ishirini, na Parsaoti, naibu wa chifu wa mtaa mmoja pembeni mwa Kitengela, alikuwa amekwisha kujaza kumi na tisa. Amri ilitoka juu: kila mkimbizi anayeishi nje ya kambi bila kibali aandikwe, orodha ifike Kajiado Ijumaa, warudishwe kambini Kakuma. Na tuseme ukweli, amri yenyewe haikuwa ya kichaa. Nchi ina mipaka yake na usalama wake, na kwenye baraza vijana walikuwa wamemzomea kwamba wageni wanawamalizia kazi za mjengo. Alikuwa ameapa kuitumikia serikali. Lakini mstari wa ishirini hakuwa ameugusa.

Tangu mkewe Ruth afariki, na watoto wahamie Nairobi na simu zao za Jumapili, mtu aliyeingia kwake bila kubisha alikuwa mmoja tu: fundi seremala kutoka Kongo. Wakati wa matanga wengine walikuja, wakala, wakaenda zao. Fundi alikaa siku nne kando yake. Parsaoti akampa kondoo. Na kwa Wamaasai, ukimpa mtu kondoo akampokea, majina yenu mnayaweka kando hapo hapo. Yeye anakuita Paker, yaani mwenzangu wa kondoo, nawe unamwita Paker, mpaka kaburini. Miaka mitano sasa walikuwa wakiitana hivyo kila jioni kwenye chai.

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni pa karakana ya fundi, kofia ya kazi kichwani, aibu imemjaa tele. Jina la yule bwana alikuwa amelisikia mara moja tu, kabla ya kondoo, akalisahau.

“Supa, Paker.”

“Ipa. Ingia, Paker, chai iko.”

“Leo sikai. Niko na karatasi. Nataka jina yako. Ile ya kitambulisho ya kambi.”

Randa ilisimama juu ya ubao. Fundi aliitazama karatasi, akaitazama kofia, akaelewa yote. Parsaoti alitamani atukanwe. Alitamani mwenzake adanganye, ataje jina lolote la Mkenya yeyote, naye angeondoka bila kuuliza swali la pili.

Fundi alijifuta vumbi mikononi, akatungua shati lake msumarini, akalivaa na kufunga vifungo hadi shingoni. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, jinsi watu wanavyosimama mbele ya dirisha la ofisi.

“Asukulu Etabo,” alisema polepole, kalamu isipitwe. “Nilizaliwa Fizi, mwaka wa sabini na nane. Familia hakuna. Niko peke yangu, chifu.”

Parsaoti aliandika yote. Alipoinua macho kutafuta la kusema, hakujua amwiteje.