Aliyeanguka Bila Kibali

Mkewe alipofika mchana na hotpoti ya chakula, Timazi alikuwa ameshaanguka kutoka ghorofa ya nne, ila alikuwa bado hajafika chini. Alikuwa hewani usawa wa dirisha la ghorofa ya pili, mwiko mkononi, lipu ikimkaukia kwenye nywele. Mkewe aliiweka hotpoti kwenye kizingiti cha duka la viatu, akainua uso.

"Umeumia, baba watoto?"

"Bado. Kamba imekatika."

"Si nilikwambia hiyo kamba imechakaa?"

"Ulinambia."

Timazi alikuwa fundi wa lipu, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu kuta zake zilinyooka, hazikuwa na tumbo. Jengo lilikuwa la Tajiri, nalo lilitazama barabara kuu. Kazi ya namna ile hufanywa juu ya jukwaa la mirunda na mbao, na chini huzungushwa mabati ili wapita njia wasidondokewe na tofali. Lakini mirunda husimama kwenye njia ya watu, na njia ya watu ina ofisi yake, na ofisi hutoa kibali. Tajiri aliomba, ombi likalala huko usingizi wa pono. Alipochoka kusubiri alining'iniza ubao kwa kamba kutoka kwenye tangi la maji la juu ya paa. Alisema kamba haikanyagi barabara ya mtu. Timazi aliitazama ile kamba, akawatazama na mafundi waliokuwa wakizunguka pale chini wakitafuta kibarua, akapanda.

Watu walijaribu kumsaidia. Daktari wa meno wa ghorofa ya pili alimrushia shuka kutoka dirishani, wagonjwa wake wakavuta pamoja naye, lakini Timazi hakusogea hata unywele, maana uzito wote wa kuanguka ulikuwa ungali ndani yake. Alichohitaji ni kitu cha kukanyaga tu. Muuza viatu alileta ngazi. Miguu ya ngazi ilipogusa njia tu, askari wa jiji wakatokea, wakauliza kibali, wakaondoka na ngazi.

Basi mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na aliacha nguo za watu zikiwa hazijapigwa pindo, akaenda ofisini.

"Amefika chini?" karani aliuliza.

"Hajafika."

"Basi hiyo si ajali, mama. Wa ajali wako chumba cha jirani, na wale wanapokea waliofika."

"Mimi nataka jukwaa tu, mwanangu. Nimteremshe."

"Jukwaa anaomba mwenye jengo."

Mwenye jengo alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti. "Nikiomba leo, dada yangu, nitakuwa nimekiri kwamba jana nilimpandisha mtu bila jukwaa. Unanitafutia kesi. Halafu na mimi nina langu la kusema. Mumeo yuko kazini tangu jana na lipu haijaongezeka."

Mkewe alirudi ofisini. Akawa wa kurudi. Benchi la pale lilimzoea, naye akajua karani anakwenda kula saa ngapi na harudi saa ngapi. Kila alipotoka alikuwa na hasira ya kung'oa mlango, na kila alipoingia aliimeza, kwa sababu ndani ya ofisi ile mtu mwenye hasira huambiwa aje kesho. Nyumbani aliimalizia kwenye cherehani mpaka sindano zikawa zinakatika.

Hatimaye mkaguzi alikuja. Alisimama chini ya Timazi, akakunja shingo.

"Unayo ruhusa ya kukaa juu ya barabara ya umma?"

"Sikai, bosi," alisema Timazi. "Mimi napita tu."

Alisema hivyo kwa heshima, akiogopa faini. Mkaguzi aliridhika, akaandika kwamba aliyeonekana ni mpita njia, na mpita njia hahitaji jukwaa. Faili likafungwa. Timazi aliulaumu mdomo wake kwa muda mrefu, mkewe akamwambia aache, wangemfunga kwa jibu lolote.

Mvua zikaja. Mkewe alimshonea koti la turubai, daktari wa meno akalipitisha dirishani kwenye mti wa fagio, kama alivyokuwa akipitisha chakula. Watoto walipotoka shule walipita kumwamkia baba yao. Waliinua madaftari juu, naye akawasahihishia hesabu, akawaambia wasikae njiani.

Asubuhi moja mkewe alikuta jukwaa limesimama. Mirunda ilikuwa imefungwa kutoka chini hadi juu, mabati yamezungushwa, mbao zimelazwa. Ubao mmoja ulipita chini ya nyayo za mumewe, umeachana nazo kwa unene wa kidole. Akamwendea msimamizi wa mafundi waliolifunga.

"Mnamshusha sasa hivi?" alimwuliza.

"Kumshusha nani? Sisi ni wa bango, mama. Tajiri kapata kibali jana, kaingia asubuhi katoka nacho mchana. Ni cha bango. Huyu akikanyaga hapa ni matumizi mengine, tunanyang'anywa."

Hapo hakumeza kitu. Alilipiga teke lile bati mpaka likalala, akapanda mirunda na kanga yake kiunoni, akamshika mumewe vifundo vya miguu, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo na alizokuwa ameziweka akiba kwenye benchi. Timazi alinyoosha kidole gumba cha mguu. Kikagusa ubao.

"Mama watoto," alisema, "ni mbao kweli."

Askari walikuwa wameshapanda. Walimteremsha yeye mke. Msimamizi, kwa tahadhari, aliushusha ule ubao chini kidogo.

Bango lilifungwa mbele ya Timazi. Lilikuwa na baba, mama na watoto wakicheka mbele ya nyumba mpya. Jioni jukwaa likavunjwa, mirunda ikapakiwa kwenye lori, na mkewe akawa anaongea na mumewe kupitia meno ya wale watu wa kwenye picha.

Juu ya bango ukuta ulibaki bila lipu. Haukupendeza, na Tajiri hakutaka kuvuruga tena ofisi za watu. Ubao ukaning'inizwa kutoka kwenye tangi lilelile, akapanda fundi mwingine.

"Kaka, hiyo kamba," sauti ilisema nyuma ya bango.

"Naiona," alijibu fundi. "Nimeshaambiwa na mke wangu."

Siku hiyo mke wa Timazi alikuwa kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye hotpoti ambayo bado ilikuwa ya moto, akawa anasoma vibao vya milangoni asijue agonge wapi.

"Amefika chini?" mke wa Timazi alimwuliza.

"Bado."

Akasogea, akampisha nafasi. "Kaa hapa, mwenzangu. Kule kwingine watakupotezea muda."

Wakakaa. Karani alikuwa amekwenda kula.