Unga Uliopitwa na Tarehe

Wifi alisimama mlangoni mwa karakana, gauni la marehemu mama yake mkononi, na hakuonyesha dalili ya kuliachia.

"Shuka ulizonitilia rangi zimechuja," alisema. "Mume wangu kaamka na shingo ya bluu, kazini wakamuuliza kalala na nani. Leo nikuachie na hili?"

Fundi rangi, mke wa kaka yake, alijipangusa mikono kwenye aproni. Tangu afariki mama mkwe, aliyemfundisha kazi hii, kila alichokitia rangi kilichuja, na hakujua kwa nini. Alipima vilevile, akapasha maji vilevile. Hata haidrosi, ule unga mweupe unaoiyeyusha rangi hadi ikaingia ndani ya uzi, aliinunua mpya, tarehe yake ya mwisho bado iko mbali. Majirani walikwisha sema kwamba mkono wa rangi umekwenda na mwenyewe. Maneno hayo yalimkera, hasa kwa kuwa naye alianza kuyaamini.

Gauni lilikuwa la pamba ya bluu, limepauka mabegani kwa jua. Likiharibika, hakuna duka la kulinunulia jingine.

"Lishike mwenyewe," alisema. "Ngoja nijaribu kwenye glasi kwanza."

Akatia maji ya moto, rangi chembe chache, soda kali kidogo, kisha unga mpya. Unga ukiwa na nguvu, maji huacha ubluu yakawa manjano. Wote wawili wakakodoa macho. Maji yakabaki bluu, bila haya.

"Umeona? Ni unga, si mimi!"

"Unga mpya huo. Usinifanye mtoto."

Ndipo Fundi alipokumbuka kopo la mama mkwe, lililobaki chumbani ndani ya sanduku, mfuniko umezibwa kwa nta. Tarehe yake ilipita zamani, ndiyo maana hakuwahi kuligusa. Akalileta.

"Sasa tumefikia kufufua makopo," wifi aliguna, lakini akasogea karibu.

Nta ikabanduliwa. Unga ulikuwa mkavu, unateleza kama mchanga. Kidogo tu kwenye glasi ya pili, na ubluu ukaanza kufifia kutoka chini, polepole, hadi maji yote yakawa manjano.

Wifi akasahau hasira zake. Alilichukua lile kopo jipya kutoka rafu ya juu ya jiko, akalitikisa, akachungulia. Unga ulikuwa mabongemabonge. Mfuniko haukukaza, kijiko kilichozama ndani kilikuwa kimelowa, na mvuke wa sufuria ulipanda moja kwa moja hadi pale.

"Umeuua mwenyewe," alisema. "Kwa maji na joto."

Fundi akakaa kwenye ndoo. "Mama alikuwa akininyang'anya kijiko kila siku. Miaka yote nilijua ananichukia."

"Alikuwa analinda unga wake." Wifi akafikiri. "Na kukuchukia pia, mwanzoni. Kidogo."

Wakacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini kopo lilikwisha funguliwa, hewa imeingia, na unga ulioanza kupata hewa haungojei mtu apate ujasiri. Wifi alilitazama gauni. Kisha akamkabidhi Fundi, naye akalizamisha kwenye beseni la rangi iliyotiwa unga wa mama.

Lilipotoka kwenye beseni lilikuwa la kijani, rangi ya bwawa chafu. Wifi akapiga yowe. "Umeliharibu! Umeliharibu gauni la mama!"

"Subiri," Fundi alisema. Akalitanua kwenye kamba. Hewa ikalipiga, na bluu ikaanza kujitokeza mabegani, ikashuka kifuani, ikafika pindoni, nzito kama siku lilipokuwa jipya. Wifi akalia bila kujificha.

Halafu akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakitia mwenyewe kwenye beseni.

"Na hiki," alisema, akijifuta pua. "Haraka, wifi yangu, nguvu isije ikaisha."