Shimo la Bhoke

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Liz alikuwa amemaliza wiki tatu katika kituo cha watoto wenye ulemavu pale Kosele, na hakuna aliyempa hata fagio. Alitoka Uingereza kuja kujitolea. Akafundisha nyimbo, akawasuka watoto nywele zikafumuka kabla ya chakula cha mchana, na wote wakampenda, maana moyo wake ulikuwa mzuri. Lakini moyo mzuri haukupi macho.

Jumatatu asubuhi alipita nyuma ya jiko akamwona Bhoke, msichana wa miaka tisa, amesimama ndani ya shimo. Udongo ulimfika magotini, jasho likimtiririka, na alikuwa ameuma mdomo wa chini. Liz akapiga yowe, akapiga video, kisha akamng'oa mtoto mle shimoni kama muhogo na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Kufikia saa sita video ilikuwa imefika kwa wafadhili ng'ambo. Jioni meneja Mokua akalifukia shimo kwa mikono yake mwenyewe, mtu ambaye hajashika jembe tangu apewe ofisi.

Shimo lilikuwa la Orpah, mlezi wa watoto pale kituoni kwa miaka kumi na mmoja. Daktari wa viungo alikuwa amesema Bhoke asimamishwe kila siku, asubuhi na jioni, la sivyo miguu yake itakakamaa. Kifaa cha kumsimamishia hakikuwepo. Basi Orpah akafanya kama nyanyake alivyofanya kule Kisii kwa mtoto aliyechelewa kutembea. Alichimba shimo, akamsimamisha mtoto ndani, akamshindilia udongo laini miguuni, akaketi kando yake akimpigia hadithi. Mwezi wa nne shimo lilimfika Bhoke mbavuni. Kila miguu ilipopata nguvu, Orpah alipunguza kina. Mwezi wa sita likafika kiunoni, wa tisa mapajani, na sasa, Novemba, lilikuwa magotini.

Wala haukuwa mchezo. Wangwe, baba yake Bhoke, anabadilisha pesa kule mpakani Isebania, na alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kwao. Mwalimu alisema mtoto akiweza kusimama peke yake chooni, ameshika ukuta, aje Januari aanze gredi ya kwanza. Asipoweza, shule haina mtu wa kumbeba. Bhoke alikuwa amebakiwa na wiki tano.

Jumanne Mokua alimwita Orpah ofisini, akamsogezea karatasi.

"Mama, weka sahihi hapa. Ni kusema pole tu. Wafadhili wanakuja Ijumaa, na hiyo shimo sitaki waione."

"Pole ya nini?"

"Ya kuumiza mtoto."

"Nani amesema ameumizwa? Ulimuuliza?"

"Orpah, usinitie matatani. Sisi wote tunakula hapa."

"Mimi nilikuwa nakula kabla unijue," Orpah akasema, akairudisha karatasi bila sahihi.

Usidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, yuko bweni Asumbi, na karo haijui msimamo wa mtu. Usiku ule alilala akijiambia kwamba labda siku chache za kukaa hazitamharibu mtoto.

Bhoke akakaa kitini siku tatu. Kiti kilikuwa kipya na cha kupendeza, ila kilimpwaya, akawa anainamia upande mmoja kutwa nzima. Alhamisi jioni Orpah alijaribu kumnyoosha magoti, yakakataa. Akayakanda kwa mafuta, akajaribu tena, yakanyooka nusu tu, na mtoto akageuzia uso wake ukutani. Hapo Orpah akapandwa na hasira, na ile hofu yote ikamtoka.

Ijumaa wageni wanne walikuwa wameketi chini ya turubai wakinywa soda, Mokua akisoma hotuba, Liz akiwa amempakata mtoto mmoja. Orpah akapita mbele yao na jembe begani. Hakwenda nyuma ya jiko. Alisimama katikati ya uwanja, mahali palipofagiliwa kwa ajili ya watoto kuimba, akaanza kuchimba.

Hotuba ikakatika. "Mama Orpah, weka jembe chini ama uniachie ufunguo wa bweni la watoto uende zako," Mokua akasema.

Orpah akavua kamba ya ufunguo shingoni, akampa, akarudi kwenye kazi yake. Ardhi ilikuwa ngumu na hakuna aliyemsaidia. Kina kilipotosha magoti, alikwenda kumtoa Bhoke kitini, akamteremsha taratibu, akamshindilia udongo. Bhoke akatetemeka, akayumba, akajishika kwenye mpini wa jembe. Kisha akauachilia, akasimama.

Liz alikuja mbio, macho yamejaa machozi, akachuchumaa mbele ya mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno moja alikuwa nalo.

"Bhoke, inauma?"

Siku zote hizo, tangu video hadi barua ya pole, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Inauma," Bhoke akasema.

Liz akainua uso akamtazama Orpah kama mtu aliyeshinda kesi.

"Bado sijamaliza, Madam," Bhoke akasema. "Inauma na naitaka. Kule shule choo haiko na kiti. Wewe utarudi kwenu na ndege, meneja ataenda kwake. Mimi nitaenda choo na nani?"

Liz hakuelewa yote. Wageni nao walikuwa wamesimama, wakamgeukia Mokua, mkalimani wao wa miaka yote, wakataka kujua mtoto amesema nini. Mokua akautazama ule ufunguo mkononi mwake.

"Waambie," Orpah akasema. "Na usipunguze."

Mokua akautia ufunguo mfukoni, akaanza kuikunja hotuba yake. Basi Bhoke, huku miguu ikimtetemeka, akayarudia maneno yake kwa sauti, polepole, moja moja, ili meneja asije akasema hakusikia vizuri.